Nilipomvisha Mtoto wa Bosi Gauni la Zawadi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijasema lolote naomba usinitafute wala usichapishe aina ya ofisi ninayofanyia kazi, maana mji wetu si mkubwa kiasi cha mtu kujificha ndani yake, na mimi bado niko kwenye muda wa majaribio, sijathibitishwa, na huyu ninayekuandikia habari zake ndiye atakayetia saini barua ya kunithibitisha.

Mimi ni karani wa masijala, msichana, nimesoma mpaka chuo na nilimaliza vizuri, ninaishi kwa shangazi yangu ambaye ndiye aliyeniombea kazi hii kwa bosi, kwa hiyo nikiharibu nitakuwa nimemharibia na yeye. Bosi wetu si mtu mkali, naomba ulielewe hilo tangu mwanzo kwa sababu ndilo linalonichanganya. Hajawahi kumpigia mtu kelele. Akikukosoa anashusha sauti mpaka inabidi usogee karibu ili usikie, na tarishi wetu humwita Mzee Pole, si kwa dharau, ni kwa kumpenda.

Ofisini kwetu kuna mtindo kwamba kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mtoto wa bosi tunanunua zawadi moja ya pamoja, na aliyenunua ndiye anayeikabidhi, na ikiwa ni kitu cha kuvaa basi anamvisha mtoto yeye mwenyewe mbele ya watu, inapigwa picha, na picha inabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango. Mwaka jana alinunua karani mkuu, mama mmoja wa makamo tunayemwita Mama Mihuri kwa kuwa funguo za kabati la mihuri ziko kwake, hampi mtu hata kwa dakika moja; mezani kwangu unakaa muhuri wa bahasha tu. Mwaka huu akasema amechoka, niende mimi, kwa kuwa mimi ni makini. Nikafurahi, mshauri. Nilidhani nimeaminiwa. Akaniambia neno moja tu nilipokuwa natoka:

"Nunua kitu cha kuchezea, mwanangu. Usinunue cha kuvaa."

"Kwa nini, mama?"

"Nguo haichezewi."

Nikaona ni maneno ya mtu mzima tu, nikaenda.

Mtoto alikuwa anatimiza miaka miwili, na mimi sina mtoto wala mdogo wa umri huo, kwa hiyo nilizunguka dukani muda mrefu mpaka mwenye duka akanifuata, akaniuliza ni mtoto wa nani, nikamwambia wa bosi, akacheka akasema, "Basi huyo hana miaka miwili, ana miaka hamsini na kitambi. Tafuta kitakachompendeza baba." Lakini mimi nilitaka kitakachomfaa mtoto mwenyewe, nikachukua kigari nikavuta gurudumu likabaki mkononi, nikachukua mwanasesere nikaona macho yake ni vifungo vilivyogundishwa, mtoto atavibandua na kuvimeza, nikagusa kingoma nikafikiria kichwa cha mama yake jioni, nikakirudisha. Mwisho nikaona gauni la pamba, la njano, mikono mifupi, shingo pana ya kumpitisha mtoto bila kumkaba, halina shanga wala urembo wa kudondoka, nikavuta kila kifungo na vyote vilikuwa imara, nikachukua saizi kubwa kidogo ili alitumie muda mrefu. Nilisahau kabisa alichoniambia Mama Mihuri, au sikusahau, nilijiona najua zaidi, sijui.

Siku ya sherehe sebule ilijaa watu na maputo, joto lilikuwa kali, wanaume wamekunja mikono ya mashati, lakini mtoto alikuwa amevalishwa sweta la bluu lililomfika viganjani na pua yake ilikuwa na matone ya jasho. Nilipiga magoti nikamkabidhi, akaliacha gauni akachukua utepe wa kufungia, watu wakacheka, na dereva wa ofisi, ambaye hanyamazi mahali, akasema, "Karani, ungenunua utepe peke yake ungetuokolea mchango!" Kisha akatoa simu yake akaanza kuimba, "Avishwe! Avishwe! Tunataka picha ya ubaoni!" na wengine wakamfuata.

Mama mtoto akasema, "Tutamvisha kesho, jamani. Mwacheni, ametulia."

"Kesho sisi tutakuwepo, mama?" dereva akamjibu. "Au unataka turudi tumalize keki?"

Bosi alikuwa nje anamsindikiza mgeni wake kwenye gari. Mama mtoto alikuwa na kisu cha keki mkononi na watoto wa watu wamemzunguka na sahani. Mimi nikasema, kwa kutaka kusaidia, "Usijali mama, namvisha mara moja," nikambeba mtoto nikaingia naye chumba cha pembeni.

Nilipoanza kulivua sweta mtoto hakulia na hakujivuta. Aliinua mikono mwenyewe, polepole, akafumba macho kwa nguvu kama mtu anayengoja kitu. Mshauri, juu ya mikono yake na mgongoni kulikuwa na alama. Sitaki kutia chumvi, mimi ni mtu wa kuandika kilichopo. Zilikuwa mistari, mingine imekauka na kuwa myeusi, mingine bado myekundu, imepinda mwishoni kama waya uliokunjwa, na kwenye bega moja palikuwa na doa la mviringo lililoungua likapona vibaya. Mtoto wa miaka miwili huanguka, najua, hujigonga kwenye meza, najua, lakini meza haiachi alama za namna ile.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mtoto bado ana kile kisu. Akatazama mgongo wa mwanawe kisha akanitazama mimi.

"Umeona nini?"

Nikasema, "Sijaona kitu, mama."

Akasema, "Basi mvishe juu ya sweta. Ana baridi." Na mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu, akasaidia kulishusha sweta na kuliweka gauni juu yake, likabana kwapani, tukatoka, watu wakapiga makofi, dereva akapiga picha. Kwenye picha hiyo ninacheka. Imebandikwa ubaoni, naipita kila asubuhi.

Siku ya kwanza ya kazi baada ya hapo bosi akaniita, akafunga mlango, akaniambia nikae. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mke wangu ameniambia ulivyompenda mtoto. Nashukuru. Ofisi hii inahitaji watu makini kama wewe, na barua yako ya kuthibitishwa naiandaa." Nikashukuru. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Siku nyingine ukitaka kumpa mtoto zawadi, usijisumbue kwenda nyumbani. Niletee mimi hapa, nitampelekea." Alikuwa anatabasamu. Sijui kama alikuwa ananitisha au alikuwa ananionea huruma ya safari, na hili ndilo linaloninyima usingizi, kwamba huenda ni mtu mwema na mimi nimemfikiria vibaya, huenda ni mama, huenda ni msichana wa kazi aliyeondoka, huenda ni ugonjwa wa ngozi nisioujua.

Nilimfuata Mama Mihuri wakati wa chakula, nikamuuliza kwa kuzunguka kama mtoto wa bosi ana afya nzuri. Akaacha kula. Akasema, "Ulinunua nguo." Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mimi mwaka jana nilinunua viatu. Nilimvua soksi mwenyewe nikamvisha." Nikamuuliza aliona nini. Akafunika chakula chake, akasema, "Unadhani kwa nini mwaka huu nilisema nimechoka? Nina watoto wanaosoma, mwanangu, na nimebakiza muda mfupi nistaafu. Usiniulize tena, hasa humu ndani."

Shangazi naye nilimweleza kidogo tu, akanikata katikati, "Wewe ulitumwa kupeleka zawadi au kukagua mtoto? Baba wa watu amekupa kazi, unamlipa hivi?"

Sasa nimenunua zawadi nyingine, mshauri, kwa pesa yangu, ni mpira laini wa kitambaa, hauna kitu cha kumdhuru. Nimefikiri nikiupeleka nyumbani kwao nitapata sababu ya kumwona tena na kuhakikisha, na kama mikono iko safi basi nitajua nilikosea na nitatulia. Lakini bosi ameshasema nisiende. Nikimpa yeye ofisini nitakuwa nimekubali jambo ambalo sijui hata ni lipi. Nisipotoa chochote atashangaa kwa nini nimebadilika. Naomba unishauri, niupeleke nyumbani, nimkabidhi baba yake, au ninyamaze mpaka nithibitishwe ndipo nifikirie? Nikifumba macho namwona yule mtoto naye amefumba ya kwake. Naogopa sana.

Ni mimi, karani mwenye hofu.

*

Mwanangu karani,

Pole. Nakupa pole hiyo mapema kwa sababu sitairudia, na baadhi ya nitakayosema hayatakupendeza.

Barua yako ilinifikia imekatwa kichwa. Ulichukua karatasi ya ofisi, ukaikata kwa mkasi pale juu penye jina, ukanyoosha vizuri mpaka nikasema huyu kweli ni makini. Kisha nikageuza bahasha, nikakuta umeigonga muhuri wa ofisi yenu, na tarehe, kama mnavyoigonga kila bahasha inayotoka masijala. Mkono wa karani ulifanya kazi yake bila kukuuliza. Kama ni mazoea tu, au kuna upande wako uliotaka upatikane, mimi sijui, na wala sina haja ya kujua.

Uliniomba nisikutafute. Nimekutii, wewe sikukutafuta. Siku ile ile nilichukua barua na bahasha nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikakaa mpaka afisa wa watoto akanisikiliza. Una haki ya kunikasirikia. Nikasirikie ukiwa unatembea, maana una safari.

Kwanza tumalize swali lako. Unaniuliza kuhusu mpira. Wasomaji wengi huniandikia kuhusu zawadi za watoto wadogo, na huwa najibu kwa furaha: kisiwe na vipande vya kumezwa, kisiwe na kamba ndefu, keti chini umkabidhi mtoto mwenyewe mkononi, na asipokijali usinune. Hayo yote uliyajua bila mimi. Ulivuta kila kifungo cha gauni ukahakikisha hakitamdhuru. Ukaingia chumbani ukakuta ameshadhurika, ukasema hujaona kitu. Sasa unataka kwenda tena na mpira ukahakikishe. Uhakikishe nini? Kwamba waya ulikuwa waya? Mistari ile ingekuwa imepona ungejiambia ulikosea, na ungelala. Mpira huo ni wa kukutuliza wewe, si wa kumchezesha yeye. Uweke kabatini.

Umeandika ukurasa mzima wa huenda. Huenda ni baba, huenda ni mama, huenda ni msichana aliyeondoka, huenda ni ngozi. Kujua ni nani si kazi yako, na ukiendelea kuipapasa utajikuta unamtetea mmoja na kumhukumu mwingine ukiwa umekaa masijala. Kuna watu waliosomea kuuliza. Kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani na ni ngumu kuliko unavyotaka: kusema ulichokiona kwa macho yako, ulivyokiandika kwangu, bila chumvi.

Nimwambie na Mama Mihuri neno moja, maana najua gazeti hili linafika mezani kwenu. Mama, uliona, ukamkinga binti wa watu asinunue nguo. Mtoto je, ulimkinga na nini? Mwaka mzima umepita kati ya viatu na gauni. Sikutukani, una watoto wanaosoma. Huyu naye angependa kufika umri wa kusoma.

Sasa sikiliza yaliyotokea, na uniwie radhi kukueleza hadharani. Hukuacha namba wala anwani, na barua zinazoingia ofisini kwenu wewe mwenyewe unajua anazifungua nani. Nimebaki na ukurasa huu tu. Nimebadilisha vitu kadhaa ili majirani wasikutambue, lakini bosi wako akisoma atajitambua, na atakufikiria wewe kwanza. Sikufichi hilo.

Afisa alikwenda nyumbani kwao akiwa na muuguzi. Mtoto amepelekwa kwa daktari. Mistari mipya imeshafifia, makovu yapo. Baba anasema mtoto ana mwendo mbaya, huanguka. Mama anasema hujikuna usingizini. Hawakukaa pamoja kupanga maneno, ila wamekubaliana jambo moja, kwamba nyumba yao haikosi wageni na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuona tatizo. Wakatoa nakala yao ya ile picha. Upo wewe, unacheka, umemshika mtoto aliyevaa gauni juu ya sweta, na afisa akaonyeshwa kama ushahidi kwamba siku hiyo mtoto alikuwa mzima na mwenye furaha. Ndiyo, mwanangu, kimya chako kimeshaanza kutoa ushahidi, ila kiko upande usioutaka.

Kwa sasa mtoto yuko kwa bibi yake mzaa mama. Ni kwa muda, na si muda mrefu. Afisa ameniambia waziwazi kwamba hawezi kumweka huko kwa nguvu ya barua isiyo na jina, iliyokatwa kwa mkasi. Anamhitaji mtu aliyelivua lile sweta kwa mikono yake.

Unaogopa kazi. Unapaswa kuiogopa, maana unaweza kuikosa, na yeyote atakayekwambia huwezi kuikosa anakudanganya. Barua hiyo ya kuthibitishwa haiandikwi kwa sababu umepanga majalada vizuri. Soma tena maneno aliyokuambia ukiwa umekaa mbele yake na mlango umefungwa, uone sifa iliishia wapi na sharti lilianzia wapi. Ukithibitishwa kwa bei hiyo, utakuwa unailipa kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya huyo mtoto, kama atakuwa hai wa kuandaliwa keki. Shangazi yako atafura. Mwache afure, akipoa mwonyeshe ukurasa huu. Akikutoa nyumbani, njoo hapa gazetini uulize dawati langu, nina mahali pa kukuweka mpaka upate pa kwako. Hilo silisemi kwa kila msomaji.

Usimwendee mama mtoto. Najua umemwona mikono inatetemeka na moyo umekuvuta. Unaweza kuwa sawa kumhurumia na bado ukamtia hatarini, au ukajitia wewe, kwa kwenda kumnong'oneza. Usimwendee bosi kumwomba radhi wala kumweleza kwamba si wewe. Akikuita tena ndani, kaa karibu na mlango na uuache wazi, sema una kazi inayokusubiri. Usiitoe ile picha ubaoni, iache ilipo, afisa ataihitaji.

Jumatatu usipitie ofisini kwanza. Ukishaketi kwenye kiti chako na mtu akakuletea jalada, hutainuka, nakujua tayari. Toka nyumbani moja kwa moja mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, ile iliyo nyuma ya kliniki ya watoto. Mwambie Mama Mihuri muende wote. Akikataa, usibishane naye barabarani, nenda bila yeye. Taja jina lako lote. Ukisahau kitu sema umesahau, usijaze pengo kwa kubahatisha. Ukilia, lia, kisha uendelee pale ulipoishia.

Nje ya mlango kuna benchi na mara nyingi huwa limejaa akina mama. Ukikuta foleni usiichukue kama kisingizio cha kurudi. Ngoja zamu yako. Afisa anakusubiri kuanzia asubuhi, na ameniahidi atasubiri siku hiyo nzima. Jumanne, kama hakuna aliyekuja, gari litakwenda kwa bibi kumchukua mtoto na kumrudisha kwao.